Rejeta ya Lori

Mume wangu Dualeh aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kiu. Simba hakumwogopa, askari wa barabarani hakumwogopa, na mimi, ambaye mtaa mzima wa Bondeni uliniogopa, aliniitikia vizuri kisha akafanya alilotaka. Lakini kumwambia asafiri bila maji ilikuwa sawa na kumwambia atoke nyumbani uchi. Ujanani aliwahi kushusha ngamia kutoka Wajir hadi Isiolo, yeye na binamu yake, wakakosa maji njiani. Binamu alizikwa huko huko. Dualeh akaja Nakuru, akafanya biashara ya ngozi, akanioa mimi binti wa mpishi wa reli, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja sikumwona akilala kabla ya kuugusa mtungi ahakikishe umejaa.

Baada ya vita, jeshi lilipokuwa linauza vitu vyake kule Gilgil, alinunua jip. Nzuri ilikuwa nzuri. Magurudumu yote manne yalivuta, na ilipita katika matope ambayo malori yalilala humo wiki nzima. Ubaya wake ni kwamba ilikwisha kuchoka vitani, na mlimani ilichemka. Ukiipeleka Gilgil haikuwa na neno, lakini ukiielekeza Molo, ilianza kutoa mvuke kama sufuria ya maharagwe.

Siku zile kila mwenye gari alining'iniza kiriba cha turubai kwenye bampa ya mbele, maji yapoe kwa upepo. Kimoja, tena pembeni. Dualeh alipoona gari linachemka akaongeza cha pili. Likachemka tena, akaongeza cha tatu. Aliendelea hivyo mpaka viriba vikajipanga kutoka taa hadi taa, vimevimba, vinadondosha matone, na watoto wa mtaani wakawa wanatuuliza ng'ombe wetu hukamuliwa saa ngapi. Na asikudanganye mtu kwamba maji yale yalitumika. Gari likichemka, Dualeh alishuka na debe akatafuta mto. Maji ya viriba yalikuwa ya siku ya kiu, na siku ya kiu haikuwa imefika.

Ningecheka na wengine, kama si Kuluthum.

Kuluthum ni binti yetu wa pekee. Alikuwa ameolewa na Saad, kijana mwenye duka dogo kwenye kiwanda cha mbao, ndani ya msitu kule mbele ya Molo. Kwetu sisi, binti akipata mimba ya kwanza, miezi saba ikitimia mama yake humwendea na kumrudisha nyumbani ili ajifungulie kwao. Si jambo la kujadiliwa. Tukatoka kumchukua. Jip ikachemka karibu na Sachangwan, tukatia maji, ikachemka tena, halafu kitu kikapasuka mbele, kwenye rejeta, na maji yote yakamwagika barabarani. Mzee mmoja wa pale, Kemboi, akatufungia ng'ombe wake wa kulimia wakatuvuta mpaka mahali pa kugeuzia. Tukateremka kurudi Nakuru. Kabla hatujapata njia nyingine, Kuluthum alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, mvua inanyesha, mkunga hakuna, mama hakuna. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakuwahi kulia.

Nilipofika hatimaye, kwa treni na kisha kwa mkokoteni, Kuluthum hakunilaumu. Aliniambia tu, "Nilikuwa nasikiliza gari, mama. Siku nzima nilikuwa nasikiliza gari." Afadhali angenitukana. Maneno yale yalinikaa kifuani mwaka mzima, na kila nilipoiona ile jip uani nilitamani kuipiga teke.

Sasa alikuwa na mimba tena. Ilikuwa Januari, mwaka ule ule ambao baadaye Emajensi, yaani hali ya hatari, ilitangazwa. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeifunga njia ya msituni, na ilipokauka, miezi saba nayo ilikuwa imetimia. Nesi wa hospitali hapa mjini, nilipomweleza yaliyotupata, aliniambia nisimwache huko hata kidogo. Stesheni ya treni ilikuwa mbali na kiwanda, mkokoteni ungemtikisa, na mwenye kiwanda hakutaka kuona mwanamke juu ya lori lake la mbao. Ilibaki jip.

Nikamkalisha Dualeh. Nikamwambia safari hii sivutwi na ng'ombe wa mtu. Ama abadilishe rejeta, ama nitakwenda kwa miguu na nitahakikisha Bondeni nzima inajua ni kwa nini. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akafikiri, kisha akasema labda tuongeze kiriba kimoja. Nilichomjibu hakiandikiki. Kesho yake asubuhi jip ilikuwa kwa Gachanja.

Gachanja alikuwa fundi kutoka Njoro, na sijapata kuona mtu mwenye majigambo kama yeye. Akikaza boliti moja, alikusimulia kumi alizokaza kabla yake. Alisema alifundishwa kazi na mzungu wa matrekta, na kwamba siku alipoondoka mzungu yule alilia. Sikuamini hata nusu ya maneno yake, ila mikono yake niliiamini, maana haikupumzika hata mdomo ulipokuwa ukikimbia.

Aliitoa rejeta ya zamani, akaiinamisha, ikatema matope mekundu. Tangu ilipopasuka ilikuwa imelehemiwa mahali pengi hata huoni palipo pazima. Akaibonyeza kwa kidole, na kidole kikapita.

"Hii ilikufa kitambo, mama," akaniambia. "Nyinyi mmekuwa mkitembea na maiti."

Mpya aliipata kwenye lori la mahindi lililogongwa kwa nyuma, mbele likabaki zima. Ilikuwa pana na nene, na nilipoiona imelala chini kando ya jip nilidhani ananitania. Haikuingia. Gachanja aliipima kwa kamba, akakuna kichwa, akakata vyuma vya mbele kwa msumeno, akaisogeza mbele kabisa karibu na bampa, na akachonga vishikizo vipya kutoka kwa chuma cha kitanda. Mpira wa maji wa jip ulikuwa mwembamba kuliko mdomo wa rejeta ya lori, basi akatengeneza bomba fupi la shaba, pana huku na jembamba kule, akalilehemu. Boneti ikakataa kufunga. Akaifunga kwa mkanda wa ngozi ambao Dualeh aliutoa dukani kwake kwa shingo upande. Muda wote huo mimi nilikuwa nimekaa pale juu ya debe, naangalia. Gachanja alilalamika kwamba kazi hii anaifanya kama aliyesimamiwa na mama mkwe.

Siku ya kuijaribu, tulipanda nayo Menengai, Gachanja kwenye usukani na mimi kando yake. Dualeh alibaki dukani, na viriba vilibaki nyumbani. Alikuwa amevitoa tangu siku ya kwanza, kwa sababu, alisema, moshi wa gereji huharibu ladha ya maji. Jip ilipanda mpaka ukingoni mwa lile shimo la volkeno bila kukohoa. Gachanja alifungua mkanda, akainua boneti, akaniita nitazame. Hapakuwa na hata uzi wa mvuke.

"Na hii mama, unaenda nayo mpaka Uganda na unarudi," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, nililala usingizi wa kweli.

Tuliondoka mapema, baada ya sala ya alfajiri. Nilitoka nyumbani na kikapu changu cha maandazi, na nini kilinipokea uani? Viriba. Vyote, tena na kipya juu yake, kwa sababu rejeta kubwa, Dualeh alinieleza kwa upole, hunywa zaidi. Kwa vile rejeta ilikuwa imesogezwa mbele, viriba viliilalia moja kwa moja, hata chuma chenyewe hakikuonekana. Nilimwambia tunaonekana kama wauza maziwa. Akasema maji hayamchekeshi mtu mwenye akili. Nikapanda tu, maana nilikuwa na furaha na sikutaka kuiharibu.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Barabara ilipoanza kuinuka tu, nikasikia ile harufu. Naijua harufu ya gari linalotaka kuchemka kama ninavyojua harufu ya wali unaoungua. Kisha mvuke ukatokea kando ya boneti, mweupe, bila haya.

Nilimtukana Gachanja. Nikamtukana na yule mzungu aliyemlilia. Dualeh alisimamisha gari, akachukua debe, akashuka bondeni, akarudi na maji nusu ya matope, maana Januari mito yote ilikuwa imekonda. Tukangoja ipoe, tukatia, tukaendelea. Tulipofika Sachangwan ikachemka tena, na vibaya zaidi.

Ilikuwa kona ile ile. Niliijua kwa mti uliochomwa na radi. Niliogopa, wala sitaki kupamba maneno. Nilimwona Kuluthum ameketi mlangoni mwa duka, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

Kando ya barabara, kwenye kivuli chembamba cha mti ule, walikuwa wameketi wanawake wachumaji wa pareto, vikapu vyao vimejaa maua. Dualeh alishuka na debe tena, akakawia, na aliporudi debe lilikuwa tupu. Mto ulikuwa umekauka kabisa.

Alikwenda mbele ya gari. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifungua kiriba. Alingoja rejeta ipoe, akaijaza taratibu mpaka mdomoni, na wale wanawake wakawa wanayafuata maji kwa macho. Mmoja akainuka. Alikuwa mtu mzima kidogo, na baadaye nilisikia wenzake wakimwita Wamuyu.

"Mzee, tusaidie na maji," akasema. "Gari ya kutuletea maji haijafika, na tuko kwa jua tangu asubuhi. Huyu mwenzetu ananyonyesha."

Dualeh aliwatazama wale wanawake, na walikuwa wengi. Akavitazama viriba vyake. Nikashuka, nikamwendea karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mlima mkubwa bado uko mbele yetu, kwamba mto umekauka, kwamba Kuluthum anangoja. Nilimwambia awape kimoja, kinatosha.

"Mama Kuluthum," akasema, "binamu yangu aliomba maji kisimani. Mwenye kisima akasema ana ngamia wa kunywesha kwanza. Mimi nilikuwepo. Siwezi kuwa yule mtu."

Miaka yote ile alikuwa ameniambia tu kwamba walikosa maji.

Akavifungua viriba kimoja kimoja, akawapelekea. Walikunywa kwa zamu, wakamnywesha kwanza yule mwenye mtoto, wakajaza na vibuyu vyao. Wamuyu alimwombea baraka kwa Kikuyu, na mwenzake mmoja akataka kunipa maua ya pareto, nikayakataa kwa ukali, Mungu anisamehe. Viriba vilipokuwa vitupu, Dualeh alivikunja kama mtu anavyokunja shuka, akaviweka nyuma ya kiti. Nilirudi kitini. Hatukuwa na tone la maji. Nilimpenda na nilitaka kumkaba, yote kwa pamoja.

"Bismillahi," akasema, na jip ikaanza kupanda.

Nilingoja mvuke kwenye kona ya kwanza. Nikaungoja kwenye ya pili. Nilikuwa nimeinama mbele, pua karibu na kioo, nikinusa. Hakuna. Barabara ikazidi kuinuka, injini ikanguruma kwa sauti nzito, nami nikawa nasoma kila dua niliyofundishwa madrasani. Tukafika kwa Kemboi. Mzee alikuwa amelisikia gari letu kutoka mbali na kulitambua, kwani alikuwa tayari amesimama kando ya barabara na nira begani, ng'ombe wake wawili nyuma yake, amejiandaa kutuokoa. Tukampita. Alibaki ameinua mkono, mdomo wazi. Nilimpungia mpaka mtandio ukanianguka.

Juu kabisa, pale baridi ya Molo inapoanza kukuingia mikononi, Dualeh alisimamisha gari mwenyewe. Alishuka, akasogea mbele, akasimama akiitazama rejeta. Nami nikashuka. Ilikuwa wazi, chuma kitupu, na upepo ulikuwa ukipita katikati yake ukivuma kidogo.

Dualeh alirudi nyuma ya kiti, akatoa kiriba kimoja kitupu. Akakiweka mbele ya rejeta, pale pale kilipokuwa kikining'inia. Kule ndani feni ilikuwa bado inazunguka, ikakivuta kiriba, kikagandama kwenye chuma. Akakibandua. Ule mvumo ukarudi. Akakiweka tena, ukakatika.

Hakuna aliyehitaji kueleza. Tulikuwa tumeliziba gari pumzi, na kila lilipokosa pumzi, tuliliziba zaidi.

Alizima injini, akaketi kwenye ukingo wa barabara na kiriba mapajani. "Mwaka jana pia vilikuwepo," akasema.

Mnajua nilivyo. Nimekwambieni mtaa mzima uliuogopa mdomo wangu. Mwaka mzima nilikuwa nikitafuta mtu wa kumbebesha kifo cha mjukuu wangu, na sasa alikuwa ameketi mbele yangu, mwenyewe amejileta, kichwa chini. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikaitazama shingo yake, ilivyokuwa imekonda, na nikamfikiria kijana aliyesimama kisimani akimtazama ndugu yake anakataliwa maji.

"Ile rejeta ilikuwa maiti," nikamwambia. "Gachanja alipitisha kidole ndani yake, na mimi niliona kwa macho yangu. Ingepasuka hata bila viriba. Inuka, Baba Kuluthum. Mtoto anangoja."

Kama ilikuwa kweli, sijui mpaka leo. Mungu ndiye ajuaye. Alijifuta uso kwa kile kiriba, ambacho bado kilikuwa na unyevu, akainuka.

Tuliingia kiwandani jua likiwa bado juu. Hakukuwa na mtu mlangoni mwa duka. Nikashuka kabla gari halijasimama, nikazunguka nyuma. Kuluthum alikuwa uani anaanika nguo, tumbo mbele, vibanio mdomoni. Alituona, akavitoa vibanio mdomoni. Hakuwa amevaa vya safari. Hakuwa amefunga hata furushi la nguo.

"Nilijua mtafika kesho," akasema. "Au keshokutwa. Sikuwa nasikiliza."

Nikamkumbatia na nguo zake mbichi, nikalia kwa sauti, na sikuona haya mbele ya wapasua mbao waliokuja kutazama. Alikuwa mzima. Alikuwa mnene, ana joto, ananuka sabuni, na mtoto akanipiga teke tumboni mwangu kupitia tumbo lake. Sijui furaha gani inaizidi ile. Kisha nikajifuta, nikamkaripia kwa kutofunga nguo, nikazifunga mwenyewe.

Saad alijaza viriba kwenye tangi la kiwanda. Alipokwenda kuvining'iniza mbele, Dualeh alimzuia kwa ukali ambao kijana hakuwahi kuuona kwake. Alivichukua akavipanga nyuma ya kiti na kando zake, vimejaa, vimelainika, akamkalisha binti yake katikati. Njia ya msituni ilitutupa huku na huku, lakini Kuluthum aliegemea maji ya baba yake kama mito, na tulipoanza kuteremka Sachangwan alikuwa amelala fofofo. Kwa Kemboi tulisimama, tukamwachia mzee maandazi yote.

Gachanja alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaanza kuwaambia watu kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Nilimwacha. Alistahili uongo mmoja.

Mjukuu wangu alizaliwa Machi, katika mwezi wake, hospitalini Nakuru, mimi nikiwa mlangoni. Msichana. Alilia tangu alipotoka, akalia walipomwosha, akalia walipomfunga nguo, mpaka wodi nzima ikaamka na nesi akaja kuniomba, kwa heshima, nimsaidie kumnyamazisha.

Nilikataa. Nilimwambia amwache alie.